Mkate Usio na Kitabu: Historia ya Unga na Moto katika Nchi ya Pangi

Mwezi wa Novemba 1871, mjini Ujiji, mpishi aitwaye Halima alikuwa na shughuli kuliko siku zote. Bwana aliyempikia, David Livingstone, alikuwa amerudi hivi karibuni kutoka Maniema akiwa hoi kwa maradhi na amevunjika moyo, na chakula alikuwa hakitamani. Sasa amefika mgeni, Henry Morton Stanley, na mzee anakula sahani baada ya sahani. Stanley ameandika jinsi Halima alivyojawa na furaha kuona chungu kinarudi kitupu. Ameandika pia habari za mkate. Meno ya Livingstone yalikuwa yamelegea kwa kutafuna masuke ya mahindi katika nchi ya Lunda, ikabidi apikiwe mkate mlaini. Stanley mwenyewe alipendelea skonzi za unga wa mahindi, na kwa maoni yake, katika Afrika ya kati yote hapakuwa na kitu kilichokaribia mkate mzuri kuliko hizo.

Skonzi ni mkate wa Waskoti, na Livingstone alikuwa Mskoti, mzaliwa wa Blantyre mwaka 1813. Huko kwao ngano ilikuwa nafaka ya wenye nacho. Fukara waliishi kwa shayiri, ile ya kupikia uji, kwa kuwa ndiyo iliyostahimili baridi na mvua. Mwana wa shayiri akaja kuishi nchi ya ndizi na muhogo, akala mkate wa mahindi uliookwa na mwanamke wa Kiswahili. Katika habari hiyo fupi umo mwenendo mzima wa mkate katika sehemu zetu: mapishi husafiri pamoja na watu, lakini nafaka haisafiri kirahisi, na anayeamua mkate utakuwa mkate gani ni yule aliyekaa mbele ya moto.

Makala hii inaufuata mkate huo kupanda bonde la Lualaba hadi Pangi, katika Maniema ya leo, mahali ambapo umepikwa kwa namna nyingi na bado haujaandikiwa kitabu.

Nchi ya ndizi

Pangi ni nchi ya Walega, au Warega kama walivyoitwa na watu wa misafara. Ni nchi ya msitu mzito, yenye vilima na mito inayoteremka kwenda Lualaba, Elila ukiwa miongoni mwao. Joto na unyevu havipungui mwaka mzima. Ngano haipendi hali hiyo: majani hushikwa na kutu na punje huoza kabla ya kukomaa. Shayiri ya baridi ndiyo haifai kabisa. Kinachostawi ni migomba, na kabla ya misafara kufika, ndizi za kupika ndizo zilizokuwa nguzo ya chakula cha Walega. Ziliandamana na nyama ya msituni, samaki, uyoga, karanga na mafuta ya mawese.

Ndizi haihitaji kinu cha kusagia wala tanuri. Huchemshwa, huchomwa kwenye majivu, hupondwa. Ikikaushwa na kutwangwa, hutoa unga. Ndizi mbivu ikipondwa na kuchanganywa na unga mkavu, hutoa donge tamu linaloweza kufungwa kwenye jani na kuivishwa kwa mvuke au moto. Sukari haihitajiki, kwa sababu ndizi yenyewe ni sukari. Mwenye kuoka mkate ughaibuni na mwenye kufunga majani msituni wote wanatafuta jambo moja: chakula cha unga kinachoshikana, kinachobebeka safarini, kinachokaa hadi kesho.

Walega walikuwa na namna yao ya kuhifadhi elimu. Chama chao cha Bwami, kilichopanda daraja kwa daraja na kuwapa nafasi wanaume na wanawake, kilifundisha maadili kwa njia ya vitu na methali. Kinyago, ganda la kobe, kijiko cha pembe: kila kitu kilibeba maneno yake, na mwenye kukionyesha alijua la kusema. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya utafiti miongoni mwao katika miaka ya 1950, alijaza vitabu kwa mafundisho hayo. Vijiko vya pembe vya Walega leo vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, vikitazamwa kama sanaa. Waliovichonga walivithamini kwa sababu nyingine pia: kulisha na kulishwa ni jambo la heshima, na heshima ina mafunzo yake.

Soko la Nyangwe

Kusini ya Pangi, ukingoni mwa Lualaba, watu wa pwani na Waarabu walijenga kituo chao cha Nyangwe mwishoni mwa miaka ya 1860. Livingstone alifika hapo mwezi Machi 1871, baada ya kukwama miezi mingi Bambarre, ambayo leo ni Kabambare. Kilichomvutia zaidi kilikuwa soko. Wanawake walitoka vijijini kwa mamia, wengine wakivuka mto kwa mitumbwi, wamebeba vyungu, muhogo, samaki, kuku, chumvi, mafuta. Walipenda kujadiliana bei, wakacheka, wakagombana, wakarudi kwao jioni. Livingstone aliyetumia muda mwingi kuandika juu ya vita na utumwa aliona hapo watu wakiishi maisha yao.

Tarehe 15 Julai 1871 soko hilo lilivunjwa kwa bunduki. Siku hiyo walikuwapo watu kama 1,500. Watu watatu wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe walianza kufyatua risasi katikati ya umati, wengine wakaendelea na ufyatuaji ukingoni mwa mto. Wanawake walijitupa majini, mitumbwi ikapinduka, na mkondo ukawachukua. Waarabu wenyewe walikadiria kuwa waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliondoka siku chache baadaye kurudi Ujiji, na habari aliyoandika ilipofika London iliongeza nguvu ya madai yaliyolifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Tukio hili lina nafasi yake katika historia ya mkate, kwa sababu waliokufa ndio waliokuwa wakiulisha mji. Tena soko halikufa pamoja nao. Stanley alipofika Nyangwe mwezi Oktoba 1876 aliorodhesha bidhaa alizoziona zikiuzwa: viazi vitamu, mahindi, ufuta, maharagwe, ndizi, miwa, asali, samaki wakavu, konokono, kumbikumbi, pombe, chumvi, majembe, mikeka, na miongoni mwake mkate wa muhogo. Wakati huo hakukuwa na duka la Mzungu wala tanuri la misheni popote katika Maniema, na tayari mkate ulikuwa bidhaa sokoni, umepikwa na mwanamke na kuuzwa na mwanamke. Wanaosema kwamba mkate uliletwa na Mbelgiji wasome orodha hiyo.

Muhogo wenyewe ulikuwa mgeni. Ulivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini kwa merikebu za Wareno na kupanda mto Kongo kizazi kwa kizazi. Mahindi vilevile. Wanawake wa Maniema walikuwa wamezoea kupokea mmea usiojulikana, kuujaribu, kuutoa sumu ukiwa na sumu, na kuutafutia namna ya kupikwa. Kulowesha muhogo siku kadhaa, kuuanika, kuutwanga na kuuchekecha ni kazi ya ujuzi mkubwa. Akikosea hatua ya kwanza, mpishi huweza kudhuru nyumba nzima.

Mpunga na Waungwana

Stanley aliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876 akiwa pamoja na Tippu Tip, ambaye jina lake halisi ni Hamed bin Muhammad el Murjebi, wakaingia msitu wa Urega. Nyuma yao na mbele yao walitembea Waungwana: wapagazi, askari na wakulima wa misafara, wengi wao Waafrika waliolelewa katika mila za pwani. Ndio waliokieneza Kiswahili cha Maniema hadi kikaitwa Kingwana. Ndio pia walioeneza mpunga.

Mpunga ulibadilisha meza ya Maniema kuliko zao lolote baada ya muhogo. Mashamba yalizunguka Nyangwe na Kasongo, makao ya Tippu Tip na baadaye mwanawe Sefu. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yakiongozwa na Francis Dhanis yalipoiteka Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huohuo, daktari Mwingereza aliyekuwa nao, Sidney Hinde, alishangaa. Katika kitabu chake cha mwaka 1897 anaeleza ghala zilizojaa mpunga, kahawa na mahindi, na bustani za michungwa, mipera, mikomamanga, mananasi, miembe na ndizi. Kulikuwa na sukari na mishumaa, vitu ambavyo askari wa Ulaya walikuwa wamekaribia kuvisahau.

Utajiri ule ulilimwa kwa jasho la watumwa, na haifai kuutaja bila kulisema hilo. Lakini utawala ulipoanguka, ujuzi haukuondoka na mabwana. Ulibaki kwa waliotwanga na kupika. Wali ukawa chakula cha Maniema, na kwa mchele ukaja mkate wa mchele.

Mkate huo hupikwa hivi. Mchele hulowekwa usiku kucha, hutwangwa kinuni ukiwa bado na unyevu, huchekechwa. Sehemu ndogo ya unga hupikwa uji mzito, ukapoa, kisha huchanganywa na unga uliobaki pamoja na sukari na kichachushi. Zamani kichachushi kilikuwa pombe ya mnazi pwani, na bara tembo la michikichi linafanya kazi ileile. Donge huachwa hadi liumuke. Chungu hupakwa mafuta, hupashwa moto, donge humiminwa, na makaa huwekwa chini na juu ya kifuniko.

Siri ya mkate huo imo katika uji. Ngano ina gluteni, utando unaovutika na kuuzuia mvuke wa hamira usitoroke, ndiyo maana mkate wa ngano hupanda. Mchele hauna. Muhogo hauna. Shayiri ya Waskoti nayo haina ya kutosha. Mpishi wa mchele hupika sehemu ya unga ili wanga wake ugeuke gundi, na gundi hiyo ndiyo inayoushika mvuke mahali pa gluteni. Hakuna aliyeeleza mambo haya kwa lugha ya maabara katika Kasongo ya mwaka 1890. Waliyajua kwa mkono: uji ukiwa mwepesi mkate hupasuka, ukiwa mzito sana mkate hubaki mbichi katikati.

Reli, bati na ngano

Unga wa ngano ulifika Maniema kwa magunia. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyoanzishwa mwaka 1902 chini ya Édouard Empain, ilijenga njia za kukwepa maporomoko ya Lualaba. Kipande cha Stanleyville hadi Ponthierville kilikwisha mwaka 1906, cha Kindu hadi Kongolo mwaka 1910, na mwaka 1915 reli ya Kabalo iligusa Ziwa Tanganyika pale Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Kindu, iliyoitwa wakati ule Port-Empain, ikawa mahali ambapo meli na treni hukabidhiana mizigo. Unga uliosagwa mbali sasa uliweza kushuka gatini ukiwa mkavu.

Kwanza ulikuwa wa wachache. Wamisionari Wakatoliki waliuhitaji kuliko wote, kwa kuwa hostia, mkate wa Misa, lazima iwe ya ngano, na kanuni hiyo haibadilishwi na umbali wala mvua. Kisha maofisa, wafanyabiashara, mafundi wa reli. Mkulima wa kijijini aliendelea na muhogo, mpunga na ndizi, tena kwa masharti mapya. Sheria ya mwaka 1917 iliruhusu serikali kumlazimisha mwanakijiji kulima mazao yaliyoamriwa kwa siku hadi 60 kwa mwaka, na pamba na mpunga ndiyo mazao yaliyoamriwa Maniema. Mwaka 1942, wakati wa vita ya dunia, siku zikaongezwa hadi 120. Mpunga ambao Waungwana waliuacha kama chakula ukageuka deni. Mwanamke alilima, alivuna, alitwanga, kisha akaona gunia likipimwa kwa bei aliyoipanga mwingine.

Katika nchi ya Pangi badiliko kubwa lilitoka ardhini. Mwaka 1932 ilianzishwa Symétain, kampuni ya kuchimba madini ya bati, na Kalima ikakua kutoka msituni kuwa mji wa migodi wenye kambi za wafanyakazi, hospitali, shule na umeme wa maporomoko. Japani ilipoiteka Malaya mapema mwaka 1942, bati ya Kongo ilihitajika kwa nguvu mpya. Maelfu ya wanaume waliingia kambini, na pamoja nao wakaja wake zao. Chakula sasa kilipimwa kwa posho ya kampuni: mchele, unga, mawese, samaki mkavu, chumvi.

Kambi ya mgodi ni mahali ambapo mapishi hukutana. Mke wa Kilega aliishi ukuta kwa ukuta na mke wa Kikusu, wa Kizimba, wa Kisongola. Mmoja alijua kufunga ndizi kwenye majani, mwingine mkate wa mchele wa Kasongo, mwingine alikuwa na ndugu aliyepikia Wazungu na kujua hamira ya kopo. Katika miji iliyotawaliwa na Wabelgiji, serikali na watawa walifungua pia vituo vya kuwafundisha akina mama kushona, kulea na kupika kwa mtindo wa Ulaya. Kile cha Usumbura, kilichoanza mwaka 1946, kimechunguzwa na wanahistoria. Wanawake walichukua katika masomo hayo kilichowafaa na kukiacha kisichowafaa. Andazi la ngano la kukaangwa katika mawese lilipata nafasi kwa haraka kwa kuwa halihitaji tanuri: sufuria, mafuta na moto wa kuni vinatosha, na mwenye navyo anaweza kuuza kando ya barabara kabla jua halijapanda.

Wakati huohuo mafundisho ya kale yalipigwa marufuku. Utawala wa kikoloni uliivunja Bwami rasmi mwaka 1948, ukiiona kuwa hatari kwa utulivu. Vitu vyake viliuzwa, vilifichwa, vingine vilichukuliwa. Hivyo katika kizazi kimoja, nchi ya Pangi ilipokea vyakula vingi vipya na ikanyang'anywa chombo chake kikuu cha kuhifadhi maarifa.

Kitabu cha wanawake wa Nairobi

Maarifa huweza pia kuhifadhiwa kitabuni. Mwaka 1928, mbali upande wa mashariki, wanawake wa Kanisa la Uskoti la Mtakatifu Andrea mjini Nairobi walichapisha kitabu cha upishi na utunzaji wa nyumba kwa walowezi, The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide. Kilichapwa tena na tena kwa miongo mitatu. Chama chao kilikuwa tawi la jumuiya ya wanawake iliyoanzishwa Uskoti mwaka 1887, na desturi yenyewe ilikuwa na umri zaidi: huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1864, Maria Moss alitoa kitabu cha mapishi kilichouzwa kwa ajili ya majeruhi wa vita ya wenyewe kwa wenyewe. Tangu hapo makanisa na vyama vya wanawake duniani vimefanya vivyo hivyo. Kila mmoja analeta pishi analolijua, wanalijaribu, wanakusanya, wanachapa, wanauza, na fedha inakwenda kwenye kazi ya pamoja.

Katika vitabu vya namna hiyo ndimo skonzi ya shayiri inamoishi. Pishi lake ni rahisi. Kikombe kimoja cha shayiri hulowekwa katika maziwa ya mgando, kwa kuwa shayiri kavu hunyonya maji na kuufanya mkate uwe mgumu. Vikombe viwili vya unga wa ngano huchanganywa na beking poda na chumvi kidogo. Siagi baridi husuguliwa ndani ya unga kwa ncha za vidole hadi unga uwe kama chenga za mkate. Kisha shayiri humiminwa, donge hukusanywa haraka bila kukandwa sana, hukatwa vipande, huokwa katika moto mkali kwa robo saa hivi. Beking poda ilitengenezwa Uingereza mwaka 1843 na Alfred Bird. Inatoa hewa mara inapokutana na maji na joto, kwa hiyo mpishi hasubiri hamira iumuke.

Tazama lilivyo pishi hilo. Shayiri ni nafaka ya nyumbani, ile ya fukara. Ngano ni ya kuongezewa, kwa sababu shayiri peke yake haishikani. Zamani Waskoti walioka shayiri kuwa kaki ngumu juu ya bamba la chuma, na ngano ilipopatikana kwa bei nafuu wakaichanganya, mkate ukalainika. Huo ni ukoo mmoja na mkate wa mchele wa Maniema: watu waliokuwa na nafaka isiyokubali kupanda, na wakatafuta cha kuisaidia. Mskoti alitafuta kwa ngano, mwanamke wa Kasongo alitafuta kwa uji. Akili ni ileile, na kazi ya pili ndiyo ngumu zaidi.

Tofauti iko kwenye karatasi. Wanawake wa Nairobi waliandika. Kitabu chao kilikuwa cha walowezi kwa ajili ya walowezi, katika nchi ambayo ardhi nzuri ilikuwa imetengwa kwa ajili yao, na katika nyumba nyingi za wasomaji wake aliyewasha jiko na kukata donge alikuwa mpishi Mwafrika. Ujuzi wa mikono hiyo ulipita kwenda majumbani mwa Wakenya, na leo skonzi huuzwa katika vibanda vya chai na maduka ya mikate kama kitu cha kawaida. Jina la mlowezi lilibaki kwenye jalada. La mpishi halikuandikwa. Anayeandika ndiye anayekumbukwa, hata pale ambapo aliyeoka ni mwingine.

Miaka ya kukatika

Baada ya uhuru mwaka 1960, Maniema haikupata utulivu wa kukaa na kuandika. Kindu ilishikwa na waasi wa Simba katikati ya mwaka 1964 na kutwaliwa tena na serikali mwezi Novemba. Symétain iliunganishwa na kampuni nyingine kuwa Sominki mwaka 1976, bei ya bati ikaporomoka katikati ya miaka ya 1980, na Sominki ikakoma mwaka 1997. Kambi za Kalima zilibaki na watu bila mishahara. Maniema ilikuwa imefanywa mkoa kamili mwaka 1988, ikitengwa na Kivu, lakini mkoa bila barabara ni jina.

Vita iliyoanza mwaka 1998 ilikata reli. Treni kutoka Lubumbashi hazikufika tena Kindu hadi mwaka 2004. Gunia la unga wa ngano lililosafiri kwa treni sasa lilipaswa kuletwa kwa ndege au kusukumwa kwa baiskeli njia za msituni, pamoja na chumvi na sabuni. Ngano ikawa anasa, na katika nyumba nyingi za vijijini ikatoweka kabisa.

Hapo ujuzi wa kale ulithibitika. Waliojua kupika bila ngano walilisha watoto wao. Muhogo, ndizi, mpunga ulipopatikana, sombe (majani ya muhogo), mawese. Unga wa muhogo na ndizi mbivu huleta chapati tamu ya kukaanga, ambayo Waganda nao wanayo na kuiita kabalagala. Mkate uliofungwa kwenye majani haukuhitaji treni. Mafunzo ambayo shule za upishi za kikoloni ziliyadharau yalibeba watu kupita miaka ambayo maduka yalikuwa matupu.

Lakini vita ile pia iliua wenye kujua. Bibi aliyekimbilia msituni na kufia huko alikwenda na vipimo vyake. Msichana aliyelelewa kambini kwa chakula cha msaada hakukaa karibu na kinu cha mama yake muda wa kutosha. Maarifa ya mkono hupita kwa kukaa pamoja, na vita ni kutawanyika.

Kitabu ambacho Pangi inastahili

Wanawake wa Pangi, Kalima na Kampene wana vyama vya kanisa, vya msikitini, vya kuweka akiba na vya wafanyabiashara wa soko. Kila kimoja kina watu wanaojua kupika. Kilichofanyika Nairobi mwaka 1928 kinaweza kufanyika Pangi, na kufanyika vizuri zaidi, kwa sababu hapa anayeandika na anayepika watakuwa mtu mmoja.

Kitabu hicho kiandikwe kwa Kiswahili cha Maniema, na Kilega kando yake, kwa kuwa majina ya migomba, uyoga na majani ya kufungia yapo katika Kilega na hayana mbadala. Kila pishi libebe jina la aliyelitoa, kijiji chake, na aliyemfundisha. Vipimo viwe vya vyombo vilivyomo jikoni: kikombe cha bati, kopo, konzi ya mkono. Muda upimwe kwa dalili: rangi ya ukingo, harufu, sauti ya mafuta. Muhogo uandikwe hatua kwa hatua, siku za kulowesha na alama za kuonyesha kuwa umekwisha sumu, kwa sababu hapo kosa ni la uhai. Mkate wa mchele uandikwe pamoja na kiasi cha uji. Mikate ya majani iandikwe na aina ya jani.

Skonzi nayo iingie. Shayiri haipatikani sokoni Pangi, na haina haja. Unga wa mchele uliolowekwa au ndizi mbivu iliyopondwa inaweza kuchukua nafasi yake, na ngano ikipatikana itiwe kiasi cha kushikisha tu. Makaa juu ya kifuniko cha sufuria hufanya kazi ya tanuri. Wapishi wenyewe watajaribu, watakosoa, watakubaliana ni kipimo gani kinafaa, na kilichokubaliwa na wengi ndicho kitakachochapwa.

Bwami ilifundisha kwamba kitu kinachoshikika mkononi kinaweza kubeba fikra ya watu, mradi yuko anayejua maneno yake. Karatasi ni kitu cha namna hiyo pia. Makumbusho ya mbali yana vijiko vya Walega bila waliokula navyo. Mapishi yasipoandikwa sasa na wenyewe, yataandikwa siku moja na mgeni, kwa jina lake, na wajukuu wa Pangi watalazimika kununua maarifa ya bibi zao kutoka nje. Kazi hii haihitaji mgodi wala reli. Inahitaji daftari, mwandishi mwenye subira, na vikao vya wanawake ambao tayari hukutana kila wiki. Fedha itakayopatikana na ibaki Pangi, kwa shule na zahanati, kama desturi ya vitabu hivi ilivyokuwa tangu mwanzo.

Toka mkate wa muhogo wa Nyangwe mwaka 1876 hadi chapati ya ndizi ya miaka ya vita, wanawake wa nchi hii hawakuwahi kushindwa kutengeneza mkate kwa kile kilichokuwapo. Sasa wapewe nafasi ya kutia sahihi kazi yao.